Mzee Spoki Hajarudi

"Hivi, jirani, mtu ukibonyeza pale palipoandikwa 'Nakubali', unakuwa umemkubalia nani?"

Aliyeuliza hivyo ni msusi wa chumba cha pili, siku moja ya zamani, kitana amekichomeka kwenye nywele za mteja na simu ameishika kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anaingia kwenye mchezo wa simu ambao mtaa mzima ulikuwa umeuvamia, na mchezo ukamtolea kwanza mkataba mrefu kama mkia wa tiara. Alikuwa akiuteremsha kwa kidole gumba, mbiombio, kama mtu anayefagia buibui darini huku amefumba macho.

Mama Pindo alikuwa mlangoni kwake na cherehani yake. Jina hilo alilipata kwa kazi: suruali za watu zikiwa ndefu, huletwa kwake azipinde. Swali alilisikia. Aliyejibu ni mumewe, kutoka kitandani ndani, kwa sauti iliyopitia dirishani.

"Hao wenye mchezo siwajui, dada. Ila kidole ni changu."

"Basi mimi changu hakikusoma!" msusi akacheka, akabonyeza, akarudi kwenye nywele za mteja.

Mume huyo alikuwa fundi baiskeli, na watu walimwita Spoki. Gurudumu likipinda, wenzake walilizungusha na kulikodolea macho. Yeye alizipiga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akasikiliza, na ile iliyolia ovyo ndiyo aliyoikaza. Kisha miguu ikagoma. Ikaanza na ganzi, ikafuata fimbo, mwisho ikawa kitanda, na banda la baiskeli likafungwa kufuli. Mdogo wake, ambaye ni muuza vipuri, ndiye aliyemletea mchezo ule kwenye simu. "Kaka," alimwambia, "usije ukazihesabu mbao za dari mpaka zikakuzoea."

Mchezo wenyewe ni bonde. Watu wasiojuana, kila mmoja na simu yake, wanalima kwenye matuta ya bonde moja na kugawana mto mmoja. Wanajiunga makundi, na kila kundi lina malango ya maji. Yafunguliwe asubuhi, yafungwe jioni; mwenye malango akilala, mashamba ya wenzake yanakauka. Makundi hushindana pia, na mara nyingine huibiana maji. Kundi la muuza vipuri liliitwa Ukingo, naye ndiye aliyekuwa amiri wake; wapinzani wao wakuu walikuwa kundi la chini ya mto, wale wa bonde la chini.

Kabla hajabonyeza chochote, Spoki alimwita mkewe. "Hebu nisomee hiki kitabu. Macho yangu yanakata herufi katikati."

Mama Pindo alisoma shule ya msingi tu, lakini maandishi ya dini yalikuwa yamemzoesha kusoma taratibu bila kuruka neno, kwa kuwa huwezi kujua ni neno lipi utakaloulizwa. Akamsomea mchana ule na uliofuata, sindano imesimama kwenye kitambaa. Walipofika mahali palipoandikwa kwamba kampuni yaweza kubadili masharti wakati wowote ipendapo, Spoki aliinua mkono.

"Hapo nabisha. Waandikie kwamba nabisha."

"Niandike wapi, baba? Hapa pana 'Nakubali' na pana 'Toka'. Pa kubisha hawakuweka."

"Kumbe! Haya, nakubali huku nimenuna."

Wakacheka mpaka msusi akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Lakini walipofika kwenye sharti la akaunti, kicheko kilikuwa kimeisha. Lilisema akaunti ni ya mtu mmoja. Haiazimwi, haigawiwi, hairithiwi. Mwenyewe akifariki, jamaa zake waiarifu kampuni, nayo itafungwa.

"Hilo ni la haki," Spoki alisema. "Baiskeli utamwazima mtu. Kinywa huazimi."

Kisha akabonyeza.

Ukingo ilikuwa na watu wa kila namna kuhusu masharti hayo. Wapo waliokuwa na kibarua, yaani programu ya kulima yenyewe wakati mwenye shamba amelala, ingawa mkataba uliikataza kwa herufi nene. Wapo waliocheza akaunti moja mtu na mumewe, kwa zamu, kama kitanda cha bwenini. Msusi, aliyekuwa humo pia, hakujua kilichokatazwa wala kilichoruhusiwa. Alikwenda na mkondo. Muuza vipuri alikuwa na falsafa yake. "Masharti ya mchezo, kaka, ni kama lile tangazo la 'Usiteme mate hapa'. Linabandikwa palipojaa mate." Spoki hakuwa malaika naye. Lugha chafu ilikatazwa, lakini mbuzi wa jirani wakiingia kwenye mahindi yake ya kwenye simu, aliwaporomoshea maneno ambayo Mama Pindo alilazimika kuyakoholea. Ila malango hakuyakosa hata siku moja, na kibarua hakukigusa. Wakampa cheo: Mlinzi wa Malango. Vijana wasiomwona wakawa wanamwita Mzee, Babu, Baba Maji. Wakimwamkia, naye anawajibu mmoja mmoja.

Ukingoni mwa shamba lake alipanda safu ya miti, akasimika kibao chenye neno moja: Pindo.

Akafa siku ya mvua, mchana, mkewe amemshika mkono.

Msiba ulipokwisha na viti vya watu kurudishwa, Mama Pindo aliichukua simu ya marehemu na kuifungua. Maji yalikuwa hayajafunguliwa. Akaona aibu, kama mtu aliyesahau kuwafungulia wageni mlango, akayafungua. Akaimwagilia ile miti. Neno hakuandika. Kesho yake baada ya sala ya asubuhi akafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa. Sharti alilijua, yeye ndiye aliyelisoma kwa mdomo wake. Kila mara alijiambia, kesho nitawaarifu, na kesho ikifika, miti ilikuwa na maua. Huko kwenye bonde muuza vipuri hakuitangaza taarifa ya kifo, na msusi aliona si yake kuitangaza; watu walijua Mzee anaumwa, kwa hiyo kimya chake hakikuwashtua. Malango yanafunguka, basi yupo.

Wiki hii ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuwa amebana pini mdomoni, suruali ya mteja imelala mapajani, simu ya marehemu iko juu ya cherehani. Akaifungua apitishe maji. Kwenye baraza ya kundi, pale wanapoandikiana, akaona jina la mumewe limesema.

"Habari za siku nyingi, wanangu. Mzee wenu nimerudi. Jumamosi tunawapiga wale wa bonde la chini mpaka waombe maji ya kunawa."

Chini yake watu walikuwa wamelipuka kwa furaha. Mzee karudi! Tulikuwa tunakuombea! Baba Maji, tumekukosa! Na katikati ya vigelegele, binti mmoja aliyekuwa akimwita Spoki "Babu", ambaye hakuna aliyejua yuko wapi duniani, alikuwa ameandika: "Babu, nilikuandikia siku mama alipolazwa, hukunijibu. Nikadhani nimekuudhi."

Na jina la Spoki lilikuwa limemjibu: "Hukuniudhi, mjukuu wangu. Mama yako atapona, usijali."

Pini ilimchoma mdomo asiisikie. Alikaa, mguu juu ya kanyagio la cherehani, cherehani haiendi. Aliyeandika alimjua. Familia ile yote ilitumia neno moja la siri kwa kila kitu, jina la utoto la mama mkwe, na muuza vipuri alikuwa mtoto wa familia kama alivyokuwa kaka yake.

"Mungu peke yake ndiye anayerudisha watu," aliiambia cherehani.

Jumamosi asubuhi alimfuata msusi na simu yake mwenyewe, ile ndogo yenye ufa. Alitaka aingizwe kwenye mchezo.

"Wewe? Si una ya marehemu, imejaa kila kitu?"

"Ile ni ya marehemu. Nataka kusema, na sitaki kusema kwa kinywa chake."

Msusi alimtazama, akaacha kuuliza. Mkataba ukatokea. Mama Pindo akavuta kigoda, akaanza kusoma kutoka juu.

"Jirani! Utausoma wote tena? Si uliusoma?"

"Wameshaubadili. Walisema watabadili."

"Mpaka unamaliza, mvua itanyesha na kukauka."

"Ninyeshewe."

Akausoma mpaka mwisho. Lile sharti lilikuwa bado lipo. Akabonyeza, na mchezo ukamzaa pale chini kabisa ya bonde: mkulima mgeni, jembe la mti, kiraka cha ardhi kisichotosha hata kaburi. Msusi akamwombea nafasi katika Ukingo, na mtu fulani, pengine bila hata kutazama, akampokea.

Alasiri wakaenda wote wawili kwa mama mkwe, alikokuwa akikaa muuza vipuri.

Sebule ilikuwa ileile ya siku zote, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, pazia limefungwa fundo ili upepo uingie. Mama mkwe alikuwa chini kwenye mkeka anapepeta mchele kwenye ungo. Muuza vipuri alikuwa kwenye stuli karibu na ukuta, waya wa chaji umemshika kama ng'ombe wa maziwa, macho kwenye simu. Mechi ilikuwa karibu kuanza.

"Karibuni, karibuni," alisema bila kuinua kichwa. "Shemeji, leo utaona mambo. Leo marehemu atatajwa bonde zima."

"Kutajwa si vibaya," Mama Pindo alisema, akakaa. "Kusemewa ndiko nilikokujia, shemeji."

Kidole kikasimama juu ya kioo. "Umeona."

"Nimeona."

"Basi usinikalie kikao. Nimewapa watu moyo, kosa liko wapi? Wewe mwenyewe si ulikuwa unafungua malango? Au unadhani sikujua? Ile akaunti ungeiacha ilale, wangejua zamani."

Lilikuwa pigo, nalo lilimfika. Mama Pindo alishusha pumzi. "Nilifungua. Sikuwa na haki, na nitawaambia hivyo. Lakini mimi nilifungua maji, wewe umefungua mdomo. Umemwahidi mtoto wa watu kwamba mama yake atapona. Wewe ni nani?"

"Ni maneno ya kutia moyo!"

"Yangekuwa yako, ningesema amina."

Msusi, aliyeketi karibu na mlango, akaguna. Mama mkwe aliendelea kupepeta, lakini ungo ulikuwa umepunguza kasi.

"Sikiliza, shemeji," muuza vipuri alisema, sasa kwa sauti ya dukani, ile ya kumwambia mteja kwamba mpira huu ni halisi. "Unajua Ukingo ni nini bila Mlinzi? Malango hayafunguki. Tumepanda miezi yote hii. Nimewaambia watu kazini, nimewaambia na wale wa bonde la chini, waje waone. Nikose leo, nitaweka wapi uso?"

"Uweke hapohapo ulipo. Kila mtu anaishi na wake."

"Halafu unataka kumzika kaka mara ya pili! Akaunti ikifungwa imekwisha. Shamba, cheo, kila kitu. Hata ile miti yako. Utamzika mara mbili mtu mmoja?"

"Mara ya kwanza tulimzika vizuri," Mama Pindo alisema. "Wewe ndiye uliyemfukua."

Hapo ungo ukasimama.

"Kwani mnazungumzia nini nyie?" mama mkwe aliuliza. "Mwanangu mzima ananiambia kaka yake amesalimiwa na watu wengi kwenye simu. Nilifurahi. Sasa kufukua kumetoka wapi?"

Muuza vipuri akageukia upande wa mama yake, sauti imelainika. "Ni mambo ya kampuni, mama. Shemeji ameshika mkataba wa kampuni kama msahafu. Eti kampuni imesema akaunti hairithiwi. Kampuni gani inayojua undugu wetu? Mimi ni mdogo wake! Nani mwingine arithi?"

"Ya kampuni niachie," Mama Pindo alimkata. Sasa alikuwa amesimama, naye hakuwa mtu wa kusimama akisema. "Mimi sio kibarua wao. Kampuni ile ingeamka kesho ikaandika kwamba maiti wanaruhusiwa kucheza, ningekataa vilevile. Wao wanajibadilishia masharti wapendavyo na sisi hatuna hata pa kubisha, nalo hilo kaka yako alilinunia. Lakini lile moja alilikubali kwa roho yake. Alisema kinywa hakiazimwi. Nilikuwepo, sindano mkononi. Sasa unaniambia ahadi ya mtu inakwisha kwa sababu amekufa na hawezi kukuzuia?"

"Nani anasoma yale, shemeji? Nani? Watu maelfu wamebonyeza, hakuna aliyesoma!"

"Mimi sikusoma," msusi alisema, ingawa hakuulizwa. "Ila nami sijaandika kwa jina la maiti."

"Wewe fuata nywele zako!"

"Nywele hazijifufui, kaka yangu."

Mama Pindo alitoa simu yake yenye ufa. Aliandika polepole, kidole kimoja, na alipomaliza kila neno alilisema kwa sauti ili mama mkwe asikie. "Mimi ni mke wa Mzee Spoki. Mume wangu amefariki. Hakurudi. Maneno mliyosoma wiki hii si yake. Malango niliyafungua mimi baada ya kifo chake, na haikuwa haki yangu. Nisameheni." Akaituma.

Majibu yakamiminika. Msusi aliinama kwenye simu yake akawa anayasoma. "Wanasema... 'Wewe mgeni, toka na mikosi yako.' Mwingine: 'Mzee tumeongea naye jana.' Huyu anasema ufukuzwe, umetumwa na bonde la chini."

Muuza vipuri alicheka, ingawa kicheko hakikuwa na meno. "Umeona? Una jembe la mti, shemeji. Nani atakuamini? Mimi nikiandika hapa neno moja tu, 'Nipo', umekwisha."

"Andika."

"Usinijaribu."

"Andika, nimekwambia. Mimi nimeshasema langu kwa jina langu. Sema lako kwa jina lake."

Msusi akainua kichwa. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Yule binti ameuliza. Hamuulizi jirani, anamuuliza mwenyewe. Ameandika, 'Babu, ni kweli?'"

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati, ikasikika kama iko mle ndani.

"Wanamuuliza nini?" mama mkwe alisema.

Msusi akasema, "Wanamuuliza mwanao mkubwa, mama, kama amekufa."

Bibi kizee aliuweka ungo chini. Alijifuta viganja kwenye kanga, kimoja halafu kingine, kisha akamkazia macho mwanawe mdogo, kitindamimba, aliyebebwa mgongoni na huyo kaka akiwa hata kutembea hajui.

"Mjibu basi," alisema. "Nami sijui kusoma hizo herufi zenu. Unachoandika, kiseme kwa sauti. Nataka nimsikie mwanangu anavyosema."

"Mama..."

"Sema. Umesema wiki nzima. Mimi tu ndiye sijasikia."

Kidole cha muuza vipuri kilikuwa juu ya kioo. Kiliandika herufi, kikafuta. Kikaandika tena. Mama Pindo, ambaye hasira yake ilikuwa bado moto, alikiona kidole hicho kikirudi kufuta kwa mara ya tatu. Kwa mara ya kwanza alimwona si amiri wa Ukingo, bali mtu aliyefiwa na kaka, aliyekuwa akijiandikia maneno ya kaka ili ayasome.

"Nami namkosa," alisema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe, chini chini. "Mnadhani ninyi tu."

"Hatujadhani hivyo," Mama Pindo alisema. "Lia, shemeji. Sisi tulilia mbele yako. Lakini hapa leo hutapita."

Akatoa simu ya pili, ile ya marehemu. Mahali pa msaada alishapajua tangu asubuhi. Aliandika jina, siku, na kwamba yeye ni mjane wake. Mchezo ukamuuliza kwa upole wa mashine: akaunti ikifungwa, shamba na vyote vilivyomo vitafutwa. Unaendelea?

Aliingia kwanza bondeni. Jua la mchezo lilikuwa linashuka kwenye matuta. Ile safu ilikuwa imezaa, matunda madogo mekundu, na kibao kimesimama mbele yake. Alitazama kadiri moyo ulivyotaka kutazama, hakuna aliyemhimiza, hata msusi. Kumwagilia hakumwagilia.

Akarudi kwenye swali, akabonyeza.

Kwenye simu ya msusi jina la Mlinzi likawa la kijivu. Malango ya Ukingo yakabaki yamefungwa, na mechi ikaanza bila maji. Kwenye baraza ya kundi mmoja akaandika pole, wa pili akaandika pole, ukawa msururu. Binti aliandika, "Asante kwa kuniambia, Bibi." Mama Pindo akamjibu kwa jembe lake la mti kwamba atamwombea mama yake, na kwamba hilo ndilo awezalo kuahidi.

"Wanakuita wewe sasa, amiri," msusi alimwambia muuza vipuri, bila kejeli. "Wanauliza ni nani aliyekuwa akiandika."

Mama mkwe hakuondoa macho kwa mwanawe. "Wanakuuliza," alisema. "Hao nao wana haki ya kujua."

Muuza vipuri alikitazama kioo, akamtazama mama yake, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amesimama katikati ya sebule na simu mbili mikononi, asiyerudi nyuma hata unyayo. Akachomoa waya ukutani. Akauzungusha kwenye kiganja, mzunguko juu ya mzunguko, akautia mfukoni. Akavaa viatu mlangoni, akalisukuma pazia, akatoka.